Fungu la Baharia, Palo Alto

Kilichonishangaza kwanza Marekani ni mabango ya barabarani. Kwetu Tanga bango huuza kitu unachokijua: sabuni, soda, saruji, vifurushi vya simu. Kwenye barabara kuu ya 101, itokayo uwanja wa ndege wa San Francisco kushuka kusini, nilisoma bango baada ya bango nisielewe hata moja linauza nini. Hakuna chupa, hakuna mama anayecheka, hakuna bei. Mwenyeji wetu, mhandisi mzaliwa wa Mombasa aliyeishi huko miaka mingi, alikuwa ameshika usukani anacheka peke yake.

"Hayo si yangu mimi wala jirani zangu, mdogo wangu," akaniambia. "Hayo yawauzia wenye makampuni vitu vya kuendeshea makampuni."

Yaani mtu ametoa fedha nyingi kuweka bango kando ya njia, akitumaini kwamba katika foleni ile kuna aliyeanzisha kampuni juzijuzi na ana shida. Nikageuka kumtazama binamu yangu kwenye kiti cha nyuma. Sisi nasi tulikuwa na kampuni changa, tena yenye shida, na tulikuwa kwenye foleni.

Kampuni yenyewe niieleze kidogo. Ni programu ya simu inayowaambia wanunuzi wa Moshi na Arusha samaki gani wameshuka asubuhi hiyo pwani ya Tanga, pale Deep Sea na Sahare, na mnada umefika bei gani. Mimi ndiye ninayeamka alfajiri kwenda mnadani. Binamu, mtoto wa mjomba, ni mhasibu wa kuajiriwa. Akitoka kazini jioni hukaa na kompyuta hadi usiku. Tulialikwa kwenye mafunzo mafupi ya waanzilishi wa kampuni changa. Begi letu lilikuwa na ubuyu wa zawadi, doti mbili za kanga, na bahasha yenye karatasi tuliyoandikiwa na wakili: kila tutakayemweleza wazo letu aweke sahihi kwamba hataliiba.

Palo Alto nilitarajia maghorofa. Nilikuta mji wa miti, nyumba fupi na baiskeli. Kelele zote ziko ndani ya mikahawa. Katika mmoja wa mtaa wa University Avenue, kijana wa meza ya pili, mdomo umejaa mkate, alikuwa anamsimulia mtu ambaye dhahiri ndiyo kwanza wanaonana kila kitu cha kampuni yake: wateja wangapi, wangapi wamekimbia, mwenzake yupi amechoka. Kwetu mwenye wazo la biashara humwambia mkewe kwa kunong'ona, na hata mke huambiwa nusu. Kisha yule kijana akasema wamebakiwa na miezi saba. Nilidhani anazungumzia mimba. Kumbe huko hawasemi wana fedha kiasi gani. Wanachukua kilichopo benki, wanakigawa kwa matumizi ya mwezi, na jibu ndilo umri uliobaki wa kampuni. Binamu akatoa kalamu papo hapo. Sisi tulikuwa na miezi miwili na ushee.

Bahasha yetu haikudumu. Mwekezaji wa kwanza tuliyekaa naye aliitazama karatasi, akaturudishia kwa adabu bila kuisoma. Alieleza kwamba kila wiki husikia mawazo yanayofanana. Akianza kuweka sahihi kwa kila mtu, hatabaki na wa kuzungumza naye. Wenzake wote, akasema, hufanya hivyo hivyo. Binamu alikuwa bado anaikunja karatasi pale mwanamume yule alipouliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Kati yenu wawili, nani ana hisa kiasi gani?"

Tukatazamana.

Hatukuwahi kulizungumza. Sisi ni ndugu, tumekula sahani moja tangu utotoni. Kuanza kugawana kisichopatikana ni uchuro. Ukimuuliza ndugu yako "siku ukiniacha itakuwaje?" wakati biashara ndiyo inaanza, shangazi wataitwa kikao siku hiyo hiyo. Huko swali hilo ndilo la kwanza, na asiye na jibu huonekana bado hajaanza kazi.

Darasani tulifundishwa utaratibu wao. Waanzilishi wanagawana hisa siku ya kwanza, lakini hisa hizo haziwi zao kamili siku hiyo. Zinakomaa kidogo kidogo kwa miaka 4. Ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia, unaondoka mikono mitupu. Mwaka ukitimia, robo ni yako, na baada ya hapo kila mwezi unaongeza kipande. Vijana wengine darasani walilipokea jambo hili wakikunja uso. Mimi nilicheka, maana nilikuwa nalijua tangu mtoto. Chombo kikirudi Sahare, kwanza hutolewa gharama za mafuta na barafu, kisha chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha lake na mabaharia lao. Uwe mtoto wa mwenye chombo au uwe umezaliwa juu ya ngalawa, usipokwenda baharini usiku ule huna fungu la baharia. Wamarekani wamechukua usiku mmoja wa bahari wakaunyoosha ukawa miaka 4. Binamu hakucheka. Alikuwa ameshatambua kwamba anayelala pwani katika hadithi hiyo ni yeye.

Swali lililofuata lilimkuta huko huko: umeacha kazi? Waliuliza wote, kila mmoja kwa namna yake, na kila mara binamu alijibu kwa maelezo marefu. Nayajua maelezo hayo na nayaheshimu. Ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Ana mchango wa mfuko wa jamii. Ana mama ambaye kwake "mtoto ana ajira" ni jambo la kutajwa msikitini. Wenzetu wa darasani waliacha kazi wakarudi vyumba vyao vya ujana kwa wazazi, na mzazi anajigamba kwa majirani. Sikuamini mpaka nilipowasikia.

Siku ya mapumziko tulikwenda kwa miguu hadi Addison Avenue, nyumba namba 367. Haiingiliki, unasimama njiani, unasoma kibao, unachungulia banda la gari lenye milango ya mbao mwisho wa uwanja. Hapo ndipo Bill Hewlett na Dave Packard walipoanzia mwaka 1938 na 1939, wakiwa na mtaji wa dola 538. Packard na mkewe walikaa kwenye nyumba, Hewlett alilala kwenye kibanda cha uani. Jina gani litangulie waliamua kwa kurusha sarafu. Chombo chao cha kwanza, cha kupimia vifaa vya sauti, walikiita 200A ili mnunuzi asijue kwamba ndicho cha kwanza. Hapo nilipiga makofi. Hiyo ni akili ya Kariakoo kabisa. Bei waliweka dola 54.40, kisha wakagundua kuwa haikutosha hata gharama za kukitengeneza. Walipata ahueni kwa sababu mshindani wao alikuwa anauza chake karibu dola 400, hivyo nafasi ya kupandisha ilikuwepo, na Walt Disney akanunua toleo lililoboreshwa, vipande 8, kwa ajili ya filamu ya Fantasia.

"Na sisi tunatoza shilingi ngapi?" binamu akaniuliza, ingawa yeye ndiye mweka hesabu. Hatutozi kitu. Tunaogopa wanunuzi watakimbia. Tulisimama pale njiani tukibishana kuhusu wenye hoteli wa Arusha, mpaka bibi mmoja aliyekuwa na mbwa akatuuliza kama tumepotea.

Makumbusho ya kompyuta ya Mountain View yalinichosha macho, ila mbele ya Apple ya kwanza mwenyeji wetu alitusimamisha. Mkataba wa kampuni ile uliandikwa tarehe 1 Aprili 1976 na watu watatu: Steve Jobs asilimia 45, Steve Wozniak 45, na Ronald Wayne, mtu mzima kati yao, asilimia 10. Ulikuwa ubia wa kawaida, ambao deni likija kila mbia hudaiwa kwa mali yake. Wale vijana hawakuwa na kitu cha kunyang'anywa. Wayne alikuwa nacho. Baada ya siku 12 akajitoa, akapokea dola 800. Mwaka 2011 karatasi ile ya mkataba iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Watu wengi humcheka Wayne. Mimi nasema mtu aliyewahi kudaiwa hatamcheka.

Binamu alimpenda zaidi Wozniak, nami sikushangaa. Wozniak alikuwa ameajiriwa Hewlett-Packard, kampuni ile ile ya banda la Addison, na aliipenda kazi yake. Aliwaonyesha mabosi wake kompyuta aliyoibuni wakaikataa, na bado hakutaka kuondoka. Mike Markkula alipokuja na fedha zake alimtaka aache kazi; Wozniak akasema hapana. Simu zikaanza kupigwa kwa marafiki na jamaa. Alikubali tu alipoambiwa na rafiki kwamba anaweza kubaki fundi asiwe meneja wa mtu. "Umeona?" binamu alisema, akinigeukia kana kwamba mimi ndiye Markkula. "Hata yeye walimwitia kikao cha ukoo."

Sand Hill Road, huko Menlo Park, ndiko waliko wenye fedha. Kleiner Perkins walifungua ofisi hapo tangu 1972. Majengo ni mafupi, miti ni mingi, hakuna mlinzi wala kitabu cha wageni. Kwetu hata ofisi ya kata utaandika jina, utokako na sababu ya kuja. Hapo tulielezwa karatasi iitwayo SAFE, iliyobuniwa 2013 na Y Combinator, wanaolea kampuni changa tangu 2005. Mwekezaji anakupa fedha leo. Si mkopo, haina riba, haina tarehe ya kurudisha. Siku mwekezaji mwingine mkubwa akija na bei ya hisa, fedha zile zinageuka hisa. Kampuni ikifa, zimekufa nayo. Sisi tunaotoka kwenye kausha damu, ambako wiki ukichelewa wanabeba sofa, tuliomba waeleze tena. Tangu 2022 Y Combinator huwapa wanaowachagua dola 500,000: 125,000 kwa asilimia 7 ya kampuni, na 375,000 kwa SAFE. Binamu aliguswa na neno "haina riba" akataka kujua zaidi. Kilichomkwaza ni Delaware. Wawekezaji wengi wa huko hupenda kampuni iandikishwe katika jimbo hilo, kwa kuwa sheria zake na mahakama yake ya biashara wanazijua. Kwa hiyo samaki wa Sahare wapate mzazi wa Delaware, mahali ambapo si sisi wala changu yeyote amewahi kufika.

Nilifurahi mara moja tu kwenye barabara ile. Mwanamke mmoja mwekezaji aliniuliza nimezungumza lini na mteja mara ya mwisho. Nikamwambia: asubuhi niliyopanda basi kwenda Dar es Salaam, na mmoja alinitukana. Akaweka kalamu chini akataka kusikia tusi lenyewe, na sababu yake. Nilieleza kwa dakika nyingi. Mwishoni alisema tuendelee kuwasiliana. Nikatoka nikichanua, mpaka mwenyeji wetu alipotuambia kuwa huko hakuna anayesema hapana; hiyo ndiyo "njoo kesho" yao.

San Francisco tulipanda gari lisilo na dereva. Limekuja lenyewe, usukani unazunguka wenyewe. Nilisema "asalamu alaikumu" nikafunga mlango, kisha nikaona aibu. Mradi ule ulianza ndani ya Google mwaka 2009, na mji mzima ukaruhusiwa kupanda 2024. Binamu alihesabu kwa vidole: miaka 15. "Na sisi tuna miezi miwili," akasema, na hatukuzungumza tena hadi tuliposhuka.

Mgao wetu tuliuandika uwanja wa ndege, nyuma ya karatasi ya wakili. Mimi 60, yeye 40, miaka 4, mwaka wa kwanza bure. Yeye mwenyewe aliongeza kifungu kwamba siku zake zitaanza kuhesabiwa atakapoacha ajira, na akakataa kuandika tarehe. Wanunuzi wa Arusha wataanza kulipa. Kiasi tulikiacha wazi kwa sababu ndege iliitwa.

Tanga tulimpelekea wakili. Akasoma polepole, akafika kwenye vifungu vya kuondoka, akarudia, akavua miwani. Kisha akatuuliza, kwa upole wa mtu aliyesuluhisha mirathi mingi, tumegombana lini.

"Bado," binamu akamjibu. "Piga muhuri."