Kichupa Nyuma ya Achari

Jumatatu, 4 Agosti

Kibua hakukigusa. Nimemchambulia miiba yote, nimemwekea kwenye kifuu chake pale pale pa siku zote, kanusa, kaondoka. Siku ya tatu leo. Maji tu. Anakunywa kama katoka jangwani, na kila saa anakwenda nyuma ya choo.

Miaka thelathini na kitu nimewaambia watu: huyu figo zimekwisha, mwacheni apumzike. Nimewaambia wenye ng'ombe, wenye mbuzi, wenye punda. Leo nimempapasa kiunoni nikazikuta chini ya kidole, ndogo, ngumu kama komwe. Nikajiambia labda minyoo.

Minyoo! Bwana mifugo mzima.

Miaka 14. Alikuja na boti la Tumbatu, ndani ya pakacha la pweza, ukubwa wa ngumi. Marehemu mke wangu kafunua makuti, akapiga kelele: huyu pweza gani ana manyoya? Rangi tatu, nyeusi, nyeupe, na ile ya embe boribo lililoiva upande mmoja. Hakuuliza mtu. Huyu ni Kanga, akasema, na jina limekaa.

Kusi kali. Boti zimechelewa. Kanga hakwenda diko kuzingoja.

Jumanne, 5 Agosti

Sauti ya WhatsApp kutoka Dubai, dakika nne. Mtoto wa kaka. Nilimwandikia jana usiku kwamba paka mgonjwa, si zaidi ya hapo. Yeye kaja na dawa yake.

“Ami, usijitie simanzi. Huku wanakopi.”

Akanieleza habari za ngamia. Kumbe wa kwanza alizaliwa huko huko Dubai mwaka 2009, jike, wakampa jina Injaz, na chembe walizomtolea ni za ngamia aliyechinjwa 2005, keshaliwa zamani. Injaz mwenyewe mwaka 2015 kazaa kama wanavyozaa wengine. Siku hizi ngamia wa mbio na wa urembo wanakopiwa. Paka, anasema, kazi ndogo, Texas wanafanya kwa dola 50,000.

Nimecheka peke yangu barazani. Nikamjibu kwamba hizo ni zaidi ya milioni mia moja, nanunua boti na mashine yake na chenji inabaki. Akasema bosi wake mtu wa huruma, mambo haya anayapenda, Ami wewe tia nia tu.

Nimeisikiliza mara ya pili baada ya isha. Sikucheka.

“Atarudi yule yule, Ami.”

Yule yule. Neno hili lina utamu wa haluwa, linanata mpaka kwenye vidole.

Jumatano, 6 Agosti

Anatetemeka. Nimefungua sanduku la marehemu kutafuta kitu cha kumfunika. Sikulifungua tangu mwaka juzi. Karafuu alizotia pembeni zingali zinanukia.

Doti ile nyekundu. Kipande kimoja alikifunga jikoni miaka na miaka, maua yamefifia yakawa rangi ya tofali, kona imeungua mkaa, na hapa katikati pana doa la bizari ambalo nakumbuka siku lilipoingia, tuligombana. Mwenzake hajavaliwa hata mara moja. Mgumu bado wa dukani. Maua yale yale, jina lile lile, herufi kwa herufi.

Nikamtandikia kile kizima, nikijua ndicho kizuri. Kakaa kidogo. Kisha huyo, mdogo mdogo, miguu inamwisha, mpaka kwenye kile kikuukuu nilichokiacha sakafuni. Akakizunguka mara tatu, akalala juu ya doa la bizari.

Nimekirudisha kipya sandukuni. Nimekikunja vibaya, marehemu angenisema.

Alhamisi, 7 Agosti. Usiku

Usingizi hakuna. Nimefukua fukua kichwani mambo ya kazi.

Mwaka 1996 tulikuwa porini huko Jozani na vibao vyenye gundi, tunahesabu mbung'o. Madume waliofugwa Tanga, wakapigwa miale, wakawa hawazalishi, wanamwagwa kutoka ndegeni visanduku kwa visanduku. Zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani, basi. Likikutana na tasa, ukoo umekatika. Septemba mwaka ule akanaswa mbung'o wa mwisho Unguja. Tulichinja mbuzi.

Na Julai ya mwaka ule ule, Uskochi, kazaliwa kondoo Dolly. Nilisoma baadaye kwenye jarida la ofisini, limezungushwa mpaka limechanika. Sie huku tunamaliza ukoo mzima kwa madume yasiyozaa, wao kule wanapata mwana bila dume. Mayai 277 walianza nayo. Kondoo mmoja.

Kisha akaja Tumaini, dume la ng'ombe wa Boran, naye wa kopi, taasisi ya mifugo ya ILRI Nairobi, kazi waliyofanya na watu wale wale wa Roslin wa Dolly. Huyu namwelewa. Walikuwa wanajifunza njia, ili siku moja wamtie ng'ombe kinga ya nagana, maradhi ya mbung'o, kutoka kwenye damu ya nyani. Nani aliyewahi kuona ng'ombe akikonda kwa nagana mpaka mbavu zinahesabika akapinga? Mimi sipingi. Hakuna aliyemkopi Tumaini kwa sababu alikuwa analia.

Mimi sababu yangu ipi? Upweke haumo kwenye orodha ya maradhi ya mifugo.

Lakini nataka. Naandika hapa kwa kuwa hapana wa kusoma. Nataka nisikie mlango unakwaruzwa kabla ya adhana ya alfajiri, nitoke nikitukana, nimkute pale.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemngoja maalim mpaka watu wakatawanyika. Nikaanza mbali, mbali sana, habari za ngamia wa Dubai. Akanikatiza: Bwana Mifugo, sema paka.

Anajua kuliko nilivyodhani. Baraza la fiqhi lilikaa Jeddah 1997, binadamu wakamkataza, wanyama na mimea wakaruhusu palipo na maslahi na pasipo na madhara. Nikafurahi kama mtoto aliyepata ruhusa ya kwenda kuogelea. Halafu akaokota viatu vyake, akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza bei ya nazi:

“Na tumbo la nani litambeba?”

Akaenda zake.

Nimepita sokoni. Chini ya meza ya mnada pana jike la kijivu, mimba imemlemea, mbavu nje, linagombea matumbo ya changu na paka shume wawili. Linapigwa maji ya ndoo kila dakika. Nimelisimamia muda mrefu mpaka muuza pweza akaniuliza napungukiwa nini.

Paka wa kwanza wa kopi alizaliwa Texas, Desemba 2001, wakamwita CC. Viinitete 87 vilipandikizwa kwenye matumbo ya paka majike, akatoka yeye peke yake. Na hata hakufanana! Mama yake, au pacha wake, au sijui nimwite nani, alikuwa wa rangi tatu kama Kanga wangu. CC akatoka na milia ya kahawia na weupe, ile rangi ya embe haimo kabisa. Na hili si kosa la mtu. Paka wa rangi tatu, kila chembe ya mwili wake imefunga mlango mmoja wa rangi na kuacha mwingine wazi, na inafunga ovyo, tumboni kwa mama, haina mpango. Ukichukua chembe moja umechukua mlango mmoja. Nilikuwa nayajua haya tangu Jumanne. Niliyaweka pembeni.

Mjukuu kasikia mazungumzo ya simu. “Babu, watamtengeneza na sikio lile lile lililochanika?” Hapana, nikamwambia, lile kachanwa na shume wa diko. “Basi mtampeleka kwa shume amchane tena?”

Jumamosi, 9 Agosti

Saa nane usiku. Mkononi mwangu. Kichwa kwenye kiwiko.

Hakulia.

Baadaye, jua limetoka

Sikutaka kuandika lakini niandike. Nimemweka kwenye friji.

Mwongozo alioutuma yule mtoto: mfunge kwa kitambaa chenye unyevu, friji, si friza, maana ukigandisha chembe zinakufa, siku tano, zisizidi. Nimefanya vile vile, hatua kwa hatua, kama nafuata maelekezo ya chanjo. Nimehamisha sufuria ya mchuzi, nimehamisha juisi ya ukwaju ya mkwe anayowauzia watoto wa skuli. Nimemtia ndani ya ndoo ya plastiki, nikafunika kwa sinia.

Mkwe kaamka, kafungua kutafuta maziwa.

Sikupata kumsikia akipaza sauti mbele yangu tangu aolewe. Leo nimemsikia. Kisha kanyamaza, akaniangalia, akasema polepole, “Baba, kwani huyu ni samaki?” Akaitoa juisi yake, akaipeleka jirani.

Ana haki yake. Juisi ile ndiyo inayolipa umeme wa friji lenyewe.

Adhuhuri

Nimemtoa. Nimetandaza nailoni juu ya meza ya uani. Kipande cha ngozi cha sikio kinatosha, hii naijua bila ya mwongozo, nimekata masikio mangapi ya ng'ombe kwa ajili ya alama. Wembe mpya. Spiriti. Nikanyoa manyoya ukubwa wa sarafu.

Sikio la kulia ndilo lenye jino, pale alipochanwa. Mwaka ule marehemu alikuwa hai. Alimshika kwa kanga, mimi nikashona nyuzi mbili, Kanga akaning'ata kidole gumba, na marehemu akacheka mpaka akakaa chini. Kovu la kidole ninalo.

Nikakata la kushoto.

Kipande kimoja, kama kucha ya kidole kidogo. Nikakitia kwenye kichupa cha dawa ya macho nilichokichemsha, na maji ya chumvi. Mkono haukutetemeka hata kidogo na hilo limenitisha.

Mwenyewe nimemzika chini ya mlimao, na kile kipande cha kanga chenye doa. Mjukuu kataka tuweke na kibua. Tumeweka. Usiku huu shume wote wa mtaa watakuja kufukua, nimepanga mawe juu.

Jumapili, 10 Agosti

Alfajiri nimesujudu kombo, upande wa kushoto wa mswala. Miaka yote alikaa kwenye nyuzi za kulia na mimi nilikuwa nampisha. Mwili haujapata habari.

Kichupa nimekificha friji, nyuma ya achari ya ndimu. Mkwe sijamwambia.

Jumatatu, 11 Agosti

Dubai kapiga. Kufurahi! Sanduku la baridi litakuja na mtu wa ndege, wewe Ami peleka Kisauni uwanjani tu, mengine niachie. Nikauliza majike wangapi watachomwa sindano kwa ajili ya mmoja wangu. Kimya. “Huko Texas wana paka wengi, Ami, wanatunzwa.” Nikauliza wanaozaliwa wabovu wanakwenda wapi. “Ami, kwani we uko upande gani?”

Sikujua la kumjibu. Mchana niko upande wa jike la kijivu la sokoni. Usiku niko upande wangu.

Akanitajia Barbra Streisand, mwimbaji wa Marekani, aliyekopi mbwa wake, akabaki na wawili, akawapenda. Sawa. Na mama huyo mwenyewe kasema tabia ni mbali mbali. Nikamwambia yule mtoto: basi kwa nini asingeokota wawili barabarani? Akasema Ami leo umeamka vibaya.

Kweli.

Jumanne, 12 Agosti

Umeme umekatika saa tatu asubuhi. Umerudi magharibi. Joto la ndani ya friji unalisikia kwa mkono, achari imetoa majasho. Nimekigeuza kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kipande kimekuwa cheupe, ukingo umelegea.

Nimempigia Dubai nikamwambia umeme. Akasikitika, akaitukana nchi nzima, akasema ungeniambia mapema ningetuma jenereta. Nikasema ndiyo, ndiyo mwanangu, Mungu hakupenda.

Sikumwambia kwamba jirani ana sola, na kwamba nilimwona akipita mlangoni mara mbili, na sikumwita.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku tano zimekwisha leo.

Jike la kijivu limezaa chini ya mashua iliyopinduliwa, karibu na mikoko. Watoto wanne, wawili weusi, mmoja kijivu, mmoja sikumwona vizuri. Nimepeleka vichwa vya vibua. Limenifyonzea, likanitolea kucha. Sina haja nao. Nimepeleka tu.

Mkwe leo anasafisha friji. Katoa kila kitu mezani, kapangusa kwa siki. “Baba, hiki kichupa cha nini? Dawa yako ya macho?”

Nikasema ndiyo.

“Imeshaharibika, ina mawingu. Nitupe?”

Kiache, nikamwambia. Kirudishe hapo hapo, nyuma ya achari.