Sili ya Gurudumu la Nyuma

Kabla ya Agosti 2023 Kigali niliijua kwa karatasi tu. Kazi yangu Dar es Salaam ilikuwa kutunza daftari la matengenezo ya malori: siku ya kubadili oili, kilomita za tairi, grisi, lainingi za breki. Lori likitoka gereji, fundi ananiletea fomu, nami nanakili na kuandika "sawa". Siku moja bosi akaniambia nipande lori linalopeleka kontena la vigae Kigali, nikaone hiyo "sawa" inavyokuwa barabarani.

Dereva alikuwa mzee wa Singida aliyeianza kazi hii akiwa utingo. Tulipotoka kwenye mizani ya Vigwaza, alipaki pembeni, akachukua kipande cha nondo na kuzunguka lori akigonga tairi moja moja. "Sikiliza, mwanangu," akaniambia. "Tairi lenye upepo linaurudisha mkono. Lililolegea linaumeza." Kisha akarudi mzunguko wa pili, safari hii bila nondo. Aligusisha mgongo wa kiganja kwenye kila habu. Kwa nini mgongo? Kwa sababu ikiwa ya moto sana, mkono unakunjika wenyewe na kujiondoa, lakini ukitanguliza vidole utaungua. Alifanya hivyo kila tuliposimama, mchana na usiku, na kwa siku mbili hakupata kitu.

Singida tuliamka alfajiri. Kabla ya kuwasha injini aliingia chini ya lori na kufungulia vali za matangi ya upepo. Yalitoka maji ya rangi ya chai. Upepo unaposhindiliwa hutoa unyevunyevu, na unyevu huo ukiachwa huozesha vali za breki. Nilikumbuka bei ya vali hizo kwa sababu mimi ndiye ninayeziandikia maombi ya kununuliwa. Tulinunua nyingi mwaka ule, na sikuwahi kuuliza kama madereva wanatoa maji asubuhi.

Mteremko wa Sekenke tuliushuka taratibu. Mzee alipunguza gia tukiwa bado juu, mteremko haujaanza, akaiacha injini ivute nyuma. Kanyagio la breki aliligusa mara chache tu. Kando ya barabara niliona lori la watu wengine limesimama, moshi unafuka magurudumuni.

Tatizo letu lilijitokeza Lusahunga. Mzee alifika gurudumu la nyuma kabisa upande wa kushoto wa trela, akagusa, mkono ukaruka. Kwa ndani ya rimu kulikuwa na mstari mweusi unaong'aa. Tukapiga jeki. Sili inayozuia grisi ilikuwa imechanika, grisi imevuja, beringi imeanza kukauka. Mzee alimulika tochi kwenye lainingi kwa muda mrefu. Grisi ilikuwa haijafika huko. Ingefika, aliniambia, tungelala palepale mpaka lainingi nyingine ije, maana ikishakunywa grisi haishiki tena. Akasafisha beringi, akaijaza grisi mpya kwa kiganja, tukaendelea kwa mwendo wa kunyata.

Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, inapendeza. Mto Kagera unaanguka kwa kishindo karibu kabisa na barabara. Kwenye daraja la zamani, lililokuwa jembamba, malori yalivuka kwa zamu. Daraja jipya la njia mbili lilifunguliwa mwishoni mwa 2014, na tangu 2016 forodha za nchi zote mbili zinafanya kazi pamoja kituo kimoja. Ukishavuka, unahamia kulia. Usukani wetu uko kulia pia, kwa hiyo dereva anajikuta amekaa upande wa mtaro na haoni kinachokuja mbele ya gari lililomtangulia. Mzee hakupita gari lolote mpaka Kigali.

Tulifika Masaka, kwenye bandari kavu, Ijumaa usiku. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, na asubuhi nzima mji ulikuwa umefungwa, watu wako kwenye kazi za jumuiya. Baada ya saa tano tulipanda pikipiki, tukavuka vilima kwenda Gatsata, mtaa wa magereji na vipuri. Fundi tuliyemkuta aliongea Kiswahili alichojifunzia Goma. Tulimwonyesha sili ya zamani, tukamwomba mpya. Hakutuuzia. Alitaka kwanza kuona inapokalia.

Jioni alikuja Masaka na pikipiki, akafungua habu, akaifuta vizuri, kisha akapitisha ukucha juu ya pete inayokaliwa na sili. Akanishika mkono, akanipitishia na mimi. Ukucha uliingia kwenye mchirizi mwembamba, usioonekana kwa macho.

"Ndugu, hii si mara ya kwanza. Sili ngapi zimefia hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilipiga simu ofisini, mwenzangu akafungua daftari langu na kuanza kupekua. Sili, trela letu, nyuma kushoto: Oktoba. Tena Februari. Tena Juni. Mara zote tatu ni mwandiko wangu, na mara zote nimeandika "sawa". Kila moja ilikuwa kwenye ukurasa wake, katikati ya kazi za malori mengine, kwa sababu daftari nililipanga kwa tarehe. Gurudumu lilikuwa likilalamika mwaka mzima, na mimi nilikuwa nalinakili.

Fundi alibadilisha pete, akaweka sili, akakaza. Alituambia malori ya biashara ya Rwanda hupelekwa ukaguzi wa polisi kila miezi sita, na mashine hupima breki gurudumu kwa gurudumu, la kushoto mbali na la kulia.

Jumatatu, wakati vigae vinashushwa, nilinunua daftari jipya mjini. Nilikaa kwenye kivuli cha trela nikalipiga mistari: kila gurudumu na ukurasa wake. Mzee alisimama nyuma yangu akitazama, kisha akaniomba niache nafasi pembeni ya kila mstari, ya dereva kuandika joto alilolikuta.