Tulitembea Mahali Palipotandikwa Mawe

Akina mama wenzetu, kila ifikapo Ijumaa Kuu tunasomewa kanisani habari ya Pilato, jinsi alivyomleta Yesu nje akaketi katika kiti cha hukumu, mahali paitwapo Sakafu ya mawe. Maneno hayo tumeyasikia tangu utotoni. Lakini siku moja tulipoulizana katika kikundi chetu kila mmoja huona picha gani anapoyasikia, wengi tulikiri kwamba tunaona chumba: kuta nne, na sakafu ya saruji ya kupigwa deki. Si ajabu. Sisi neno hilo hulitumia nyumbani. "Mwanangu, usilale sakafuni, utapata baridi." "Nani amemwaga chai sakafuni?" Barabara hatuiiti sakafu.

Mwezi wa Januari mwaka 2018 tulijaliwa kwenda kujionea. Tulikuwa akina mama kumi na wanne wa madhehebu mbalimbali, pamoja na mchungaji mmoja aliyetuongoza na kututafsiria. Mkubwa wetu alikuwa na miaka 71, na sote tulimwita Bibi. Mwingine, ambaye hapa tutamwita Mama Upendo, alikuwa ameweka akiba ya safari hiyo kwa miaka sita, shilingi kwa shilingi, kwa kuuza maandazi. Katika mkoba wake alibeba kanga moja iliyopauka. Ndiyo kanga aliyombebea kitinda mimba wake, aliyefariki akiwa na miaka mitatu. Alituambia mapema kabisa: "Nataka niitandike pale aliposimama Bwana akihukumiwa. Nikimaliza, nitarudi nyumbani nikiwa na amani."

Tuliingia Yerusalemu ya kale kwa Lango la Dameski. Langoni akina mama waliotoka vijijini walikuwa wameketi chini, wamepanga mafungu ya majani ya viungo, vile vile kama masokoni kwetu. Ndani ya ukuta, tulikopita, hapakuwa na lami. Mitaa ni myembamba, na chini ni mawe matupu, yaliyopangwa jiwe kwa jiwe. Nyayo za watu zimeyasugua hata yanang'aa kama sufuria iliyopigwa steelwire. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, nasi viatu vyetu vya kanisani vikatuaibisha. Bibi aliteleza mara mbili, tukamshika mikono huku na huku.

Mitaa mingine ni ngazi tupu, na pembeni kuna miteremko ya kupitishia mikokoteni. Tuliona vijana wamefunga tairi kuukuu kwa mnyororo nyuma ya mkokoteni. Wakiteremka hulikanyaga lile tairi, nalo hukwaruza mawe na kuwa breki. Tulipishana nao kwa kujibana ukutani, huku harufu ya mkate na bizari ikitufuata kila kona.

Njia ya Mateso, ambayo wenyeji na wageni huiita Via Dolorosa, si ndefu. Ni kama meta 600, mwendo wa kutoka nyumbani hadi dukani. Ina vituo kumi na vinne, na vitano vya mwisho vimo ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Karibu na mwanzo wake kuna nyumba ya masista wa shirika la Bikira Maria wa Sayuni. Huko, chini ya nyumba, tuliteremshwa kwenye uwanja wa kale wa mawe makubwa bapa. Mawe mengine yamechongwa mistari ili farasi wasiteleze. Mengine yana michoro ya mchezo ambao askari wa Kirumi walicheza kupitisha saa. Kwa miaka mingi wasafiri walioneshwa mahali hapo wakaambiwa: hii ndiyo Sakafu ya mawe, hapa ndipo Bwana aliposimama.

Mama Upendo alikuwa tayari amepiga magoti, mkono umo mkobani.

Sista aliyetupokea hakutuficha. Alisema kwa upole kwamba wachimbaji wa mambo ya kale wamechunguza, na mawe yale yaliwekwa wakati wa Kaizari Hadriano, aliyeujenga upya mji ule miaka mia moja hivi baada ya Bwana kusulibiwa. Wataalamu wengi sasa hufikiri kwamba Pilato alikaa upande wa magharibi wa mji, katika jumba lililojengwa na Herode. Mawe tuliyoyakanyaga Bwana hakuyakanyaga.

Tulikaa kimya. Mchungaji alisita hata kututafsiria sentensi ya mwisho, lakini tulikwisha kumsoma usoni. Mama Upendo alitoa mkono mkobani, mtupu. Akasema kwa sauti ndogo, "Miaka sita." Hakusema zaidi. Kwa kweli baadhi yetu tulimkasirikia yule sista moyoni. Ingemgharimu nini kunyamaza?

Nadhani aliona nyuso zetu, maana hakutuacha tuondoke hivyo. Aliketi nasi akatueleza neno lenyewe. Yohana aliandika Injili yake kwa Kiyunani, naye alipaita mahali pale Lithostrotos. Sehemu ya kwanza ya neno ni jiwe. Ya pili inatokana na kitenzi chenye maana ya kutandaza au kutandika. Ndicho kitenzi alichotumia Marko aliposimulia jinsi watu walivyotandaza mavazi yao njiani Bwana alipoingia Yerusalemu amepanda mwana-punda. Ndicho kilichotumika pia katika Matendo ya Mitume, Petro alipomwambia Enea, aliyekuwa amepooza miaka minane, ainuke na kujitandikia mwenyewe.

"Kwa hiyo," mchungaji alimalizia kututafsiria, "ni mahali palipotandikwa mawe."

Hapo tulielewa kwa mara ya kwanza. Kutandika ni kazi yetu! Tunatandika vitanda, tunatandika mikeka, tunatandika kitambaa mezani mgeni anapokuja. Basi si chumba cha saruji. Ni uwanja wa wazi, mawe yametandikwa kama mkeka, na umati umesimama pande zote. Tulipotoka nje tulianza kulitumia neno letu jipya kama watoto wa shule. "Mtaa uliotandikwa mawe una utelezi." "Viatu vya visigino havifai njia iliyotandikwa mawe." Bibi akaongeza, "Na magoti ya mzee hayafai!" Tukacheka, hata Mama Upendo akatabasamu kidogo.

Alasiri tulikwenda kusini ya mahali palipokuwa Hekalu. Kwanza tulipita mtaa wa kale chini ya ukuta wa magharibi. Huo ni wa kabla ya mwaka 70, mwaka ambao Warumi waliuteketeza mji. Mawe makubwa waliyoyaangusha kutoka juu bado yamelala pale yalipoangukia, na mtaa umebonyea na kupasuka chini yake. Tulikumbuka jinsi Bwana alivyoulilia mji huu kabla hayo hayajatokea.

Kisha tukafika kwenye ngazi pana walizopanda watu kuingia Hekaluni. Mawe mengine yametengenezwa upya, lakini mengine ni ya zama zile. Vipandio havilingani: kimoja chembamba, kinachofuata kipana, na anayepanda hawezi kukimbia. Mchungaji alitukumbusha kwamba Mariamu alikuja Hekaluni na mtoto mchanga kwa sadaka ya maskini, ya ndege wawili. Huenda alipita hapa. Hakusema zaidi ya "huenda", na safari hii hakuna aliyenung'unika.

Tulidhani Mama Upendo angeitandika kanga yake hapo. Wengine tulianza hata kumpisha. Lakini Bibi alikuwa amechoka kabisa, miguu imevimba, naye alikuwa akitafuta pa kuketi, na mawe yalikuwa yamelowa na baridi kali. Mama Upendo akaangalia kipandio, akamwangalia Bibi. Akaitoa ile kanga, akaikung'uta, akaitandika juu ya jiwe, akasema, "Kaa hapa, Bibi. Utaumwa na baridi."

Bibi alisita. Alijua ni kanga gani. Mama Upendo akamshika mkono akamketisha, kisha yeye mwenyewe akaketi ubavuni pake kwenye jiwe tupu. Hapo ndipo alipolia, na Bibi alimwegemeza begani mwake mpaka akanyamaza. Sisi tuliobaki tulisimama tukawazingira ili upepo usiwapige.

Akina mama wenzetu, tumerudi, na wengi hutuuliza kama tulisimama mahali hasa aliposimama Bwana. Tunawajibu ukweli kama tulivyoambiwa: hapana, hatujui. Kwanza tulimlaumu yule sista, sasa tunamshukuru. Kama angetudanganya, kanga ile ingelitandikwa juu ya mawe ya Kaizari, na Bibi angeketi kwenye baridi.

Mama Upendo bado anauza maandazi. Ile kanga ameifua, ameianika, na anaitumia. Tulimwona juzi ameitandika chini ya mtoto wa jirani aliyelala barazani kwake. Tukamwuliza kama hasikitiki kuichakaza. Akajibu kwamba kanga ya mtoto si ya kukaa mkobani.

Ijumaa Kuu ijayo, somo litakapofika mahali pale, nasi tuikumbuke barabara hiyo. Tena kila mmoja ajiulize ni nani karibu naye anayetafuta pa kuketi.