Ugonjwa Ulikuwa Mlangoni

Nilipopata kazi katika hospitali ya VA mwaka 1999, wenzangu wa nyumba ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi hawakunipa hongera. Walinipa pole. VA ni idara ya serikali kuu ya Marekani inayowahudumia waliowahi kuwa wanajeshi, yaani maveterani, na hospitali zake wakati huo zilisifika kwa panya na mashuka machafu. Sifa hiyo haikutoka hewani. Mei 1970 jarida la Life lilichapisha picha za majeruhi wa Vietnam waliolazwa katika hospitali ya VA ya Bronx, New York, na nchi nzima ikawaona vijana waliopooza wametelekezwa kwenye wodi chafu. Karibu miaka ishirini baadaye ikaja filamu ya Born on the Fourth of July, ikawarudisha watu kwenye wodi zilezile. Wenzangu hawakuwahi kukanyaga VA, ila filamu walikuwa wameiona.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilisomea unesi nyumbani, nikafika Marekani nikafanya mitihani yao upya, nikaapa uraia, ndipo VA wakaniajiri. Hospitali ya serikali haikunitia hofu. Sikuwahi kutibiwa kwingine utotoni.

Nilichokikuta hakikufanana na filamu. Kule nyumba ya wazee tulikuwa tukiandika kila kitu kwa kalamu, na mwandiko wa daktari ukigoma kusomeka unamwita mwenzako mkisie wote wawili. VA kila wodi ilikuwa na kompyuta, na ndani yake yamo yote ya mgonjwa: vipimo vya damu, dawa, maelezo ya upasuaji aliofanyiwa zamani. Mfumo huo waliuandika wafanyakazi wa VA wenyewe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, tena kwa kujificha, maana wakubwa wa makao makuu hawakuutaka na walijaribu kuuzima. Nilipenda sana kuisikia hadithi hiyo kutoka kwa wazee wa idara ya kompyuta. Waliisimulia kama watu waliowahi kuvusha magendo.

Mwaka huohuo tukaletewa vigari vyenye kompyuta na skana. Kabla ya kumpa mgonjwa kidonge unamulika bangili ya mkononi mwake, kisha unaimulika dawa yenyewe, ile mistari myeusi kama ya bidhaa za dukani. Mambo yakikubaliana, unatoa. Yasipokubaliana, kioo kinakugomea: mgonjwa siye, au kipimo sicho, au saa bado. Wazo hilo lilitoka kwa nesi, si kwa mhandisi. Alikuwa Sue Kinnick, wa hospitali ya VA ya Topeka, Kansas. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akirudisha gari la kukodi, akamwona mfanyakazi akilipokea kwa kulimulika na kifaa cha mkononi, akajiuliza kwa nini gari litunzwe kwa uangalifu kuliko mgonjwa. Mzee mmoja wa vita vya Korea alikuwa akiniona tu na kigari ananyoosha mkono. "Haya," ananiambia, "leo nauzwa bei gani?"

Mabadiliko hayo yalikuwa na mtu nyuma yake, Dk. Kenneth Kizer, aliyeongoza huduma za afya za VA tangu 1994 hadi 1999. Alifunga zaidi ya nusu ya vitanda, akafungua kliniki mitaani, akataka kila mgonjwa awe na daktari wake anayemjua. Nilipofika alikuwa ndiyo anaondoka. Manesi wakongwe walimlaumu kwa vitanda, ila hakuna aliyetaka kurudi kwenye mafaili.

Nilimpigia simu mjomba wangu Tanga, aliyepigana vita vya Kagera, nikamhadithia.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akanikatiza. "Jengo la serikali?"

"La serikali, mjomba."

"Daktari analipwa na serikali?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe Wamarekani nao wana Ujamaa! Wameuficha jeshini!"

Na kweli. Hospitali zaidi ya 170, kliniki zaidi ya 1,000, watu kama milioni 9 waliosajiliwa, vyote chini ya serikali, katika nchi ambayo mwanasiasa akitamka matibabu ya serikali anarushiwa mawe. Mwaka 2004 watafiti wa taasisi ya RAND walilinganisha: wagonjwa wa VA walikuwa wakipata asilimia 67 ya huduma wanazostahili kitabibu, wa nje asilimia 51. Karatasi hiyo tuliibandika chumba cha chai, na ilikaa pale hadi ikageuka rangi.

Lakini hayo yote yalikuwa ya aliyekwisha kuingia. Kuingia kwenyewe kulikuwa na hesabu zake. Maveterani wamepangwa katika makundi 8, na Januari 2003 VA ilifunga mlango kwa wapya wa kundi la mwisho, wale wenye kipato kizuri na wasio na jeraha la jeshini. Jeraha nalo hupimwa kwa asilimia, na kwenye viti vya kusubiria watu walijitambulisha kwa asilimia kabla ya majina. "Mimi ni 70, wewe je?" Mwenye 50 kwa mgongo na 30 kwa masikio hapati 80. Ile 30 huchukuliwa kwenye nusu iliyobaki, inakuwa 65, kisha wanaikweza kuwa 70. Nimewahi kuwaona wanaume waliovuka mito ya Vietnam wakishindwa kuivuka hesabu hiyo.

Vita vya Iraq na Afghanistan vilipowarudisha vijana, na wazee wa Vietnam wakazidi kuugua, mlango ukabana. Juu wakaweka lengo: miadi ndani ya siku 14, na marupurupu ya wakubwa yakafungamanishwa na lengo hilo. Madaktari hawakuongezwa kwa kasi hiyohiyo. Unapomtaka karani wa miadi atimize siku 14 naye hana daktari wa kumpa mgonjwa, atatimiza kwa kalamu.

Mwaka 2014 yalilipuka ya Phoenix, Arizona, baada ya daktari wa huko, Sam Foote, kuyatoa nje. Mkaguzi mkuu alikuta maveterani 1,700 wanaosubiri ilhali majina yao hayamo kwenye orodha rasmi ya kusubiri. Katika sampuli aliyoichunguza, mgonjwa mpya alisubiri wastani wa siku 115. Hospitali ilikuwa imeripoti 24. Waziri wa VA, Eric Shinseki, jenerali aliyejeruhiwa mwenyewe Vietnam, akajiuzulu tarehe 30 Mei. Wiki hizo niliacha kuvaa kitambulisho cha kazi nikienda sokoni. Watu walikuwa wakikuuliza usoni umeua wangapi. Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na pande mbili: kwa waliochezea tarehe, na kwa waliosema sasa imethibitika kwamba serikali haiwezi kutibu. Ndani ya wodi tulikuwa tukitibu vizuri. Ugonjwa ulikuwa mlangoni.

Ushahidi wangu ni homa ya ini aina ya C. Wazee wa Vietnam waliipata kwa wingi. Tulikuwa tukiwatibu kwa sindano za intaferoni, mara nyingi kwa karibu mwaka mzima, na wengi waliacha njiani. Namkumbuka fundi mmoja wa magari aliyeniambia kwamba sindano hizo zilimfanya amchukie hata mbwa wake. Aliziacha. Desemba 2013 vikaidhinishwa vidonge vipya vya sofosbuvi, wiki 12 basi, bei ya dukani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. VA kisheria hununua dawa kwa punguzo, lakini hata hivyo mwaka 2015 fedha ziliisha, na kwa muda tukawa tunachagua: ini lililoharibika zaidi kwanza. Bunge likaongeza fedha, na kufikia Machi 2016 ruhusa ikawa ya kila mwenye virusi. Sasa faida ya ile kompyuta ya zamani ikaonekana. Tulijua wagonjwa wetu wote kwa majina, tukaanza kuwapigia simu mmoja mmoja waje. Hospitali ya nje hungoja mgonjwa aje, sisi tuliwafuata. Kufikia 2019 VA ilikuwa imewaponya kama watu 100,000 nchi nzima. Yule fundi naye alipona. Alikuja kliniki na mbwa, mwingine huyu.

Dawa waliyoipata wanasiasa kwa ajili ya mlango ilikuwa kuwapeleka watu nje. Sheria ya 2014 ilisema anayekaa zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha VA, au anayesubiri zaidi ya siku 30, atibiwe hospitali binafsi na serikali ilipe. Mwanzoni hizo maili 40 zilipimwa kwa mstari ulionyooka, kama kwamba maveterani wana mabawa. Mwaka 2015 wakakubali kupima kwa barabara. Sheria ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2019, ikalegeza zaidi: nusu saa ya kuendesha gari kwa daktari wa kawaida, saa nzima kwa bingwa. Kwa mtu wa shamba hii ni neema na sitaibeza. Kwetu kliniki maana yake ilikuwa faksi. Mgonjwa anatibiwa moyo upande wa pili wa mji, nami nashinda kwenye simu nikiomba majibu. Tuliokuwa na faili moja la kila kitu tukawa na vipande. Na ule mfumo mpya wa kompyuta, ulionunuliwa kurithi ule wa zamani, ulipoanza katika hospitali ya Spokane mwaka 2020 ulileta matatizo mpaka 2023 wakasimamisha kuusambaza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini kazi yangu ilikuwa maswali. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini Agosti 2022, iliagiza kila veterani aulizwe kuhusu sumu alizokutana nazo, hasa moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan, ambamo jeshi lilichoma plastiki, betri na taka za hospitali kwa mafuta ya ndege. Kijana mmoja aliposikia lafudhi yangu akaacha Kiingereza palepale. "Mama, wewe ni wa nyumbani?" Mkisii. Aliingia jeshini kwa mpango uliowachukua wahamiaji wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwamo, nao wakampeleka Afghanistan kuendesha lori. Kambi yake ilikuwa na shimo. Alikuwa mkimbiaji shuleni, sasa ngazi za ghorofa moja zinammaliza, na eksirei haionyeshi kitu. Madai yake yalishakataliwa, kwa kuwa hakuweza kuthibitisha kwamba ni moshi. Chini ya PACT, ugonjwa wa njia ndogo za hewa aliokutwa nao hauhitaji tena kuthibitishwa na mgonjwa: ulikuwapo kule, unaumwa huu, basi.

Siku aliyorudi na barua ya kukubaliwa alikuwa na mashaka mengine. Bingwa wa mapafu wa kwetu ana nafasi baada ya miezi miwili, wa nje wiki tatu. "Ungekuwa wewe, mama?" Nikamwambia achukue ya nje. Ila asubiri kwanza, nikamtuma chumba cha eksirei akadai picha zake zote kwenye diski, azipeleke kwa mkono wake, na majibu ya huko ayalete kwa mkono wake vilevile, asimwachie mtu faksi.