AS Si Doa

Kazi yangu ni maabara. Hapa Kiamunyi, Nakuru, kando ya barabara iendayo Kabarak, watu huniita daktari ingawa mimi ni mtu wa darubini na sindano. Wengi huja kupimwa malaria, homa ya matumbo, sukari au ujauzito. Ila wapo pia wachumba wanaoingia wawili wawili kabla ya harusi, wanataka kujua kama damu zao zina selimundu. Nakuru ni nchi ya baridi na malaria yetu si nyingi, lakini wakazi wa mtaa huu wametoka Busia, Siaya, Kakamega na Kilifi, na mtu hahami akaiacha damu yake nyuma.

Aliyetufumbulia uhusiano wa selimundu na malaria alikulia Gilgil, humu humu katika kaunti yetu. Anthony Allison alikuwa mwanafunzi wa Oxford alipokuja na msafara wa chuo mwaka 1949 na kukusanya damu za Wakenya. Akakuta jeni ya selimundu imejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mwenye jeni moja, yaani AS, ana kinga dhidi ya malaria kali. Mwenye mbili, SS, ndiye anayeugua.

Kipimo chetu cha haraka ni rahisi. Tone la damu huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha unasubiri uone kama seli zitajikunja mfano wa mundu. Tatizo ni kwamba hakitenganishi AS na SS. Lazima damu ipelekwe kwenye maabara yenye mashine ya kuchambua himoglobini. Nimepokea watu wazima wenye afya, wameshika karatasi ya kwingine inayosema wana selimundu, na uchumba umeshavunjika kwa sababu ya karatasi hiyo.

Wachumba wote wawili wakiwa AS, nawaeleza hivi: kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS, nusu AS, na robo AA, yaani asiye na jeni hiyo kabisa. Si kwamba kati ya watoto wanne mmoja ataugua na watatu watasalimika. Kila mimba huanza hesabu upya.

Hapo ndipo huniuliza kuhusu kutunga mimba nje ya mwili kule Nairobi. Watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa nje ya mwili walizaliwa mwaka 2006, na kuchunguza jeni za kiinitete kabla ya kukipandikiza kulianza London mwaka 1990. Chembe chache hutolewa kwenye kiinitete cha siku 5 hivi, zikasomwa, na mama akapandikizwa kilichochaguliwa. Gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi. Mzazi anayetaka kuepuka SS kwa njia hii simlaumu hata kidogo. Nimewatoa damu watoto ambao vidole vimevimba kwa maumivu, watoto waliozoea sindano hata hawalii tena. Aliyewahi kumzika mmoja ana haki ya kuuliza kila swali.

Kinachonikosesha raha ni swali linalofuata: "Daktari, si watutafutie AA tu, tuwe na mtoto safi?"

Safi! Chukua viinitete 8. Kwa wastani 2 vitakuwa SS, 4 AS na 2 AA. Vile 4 ni watoto watakaokuwa kama hao wawili walioketi mbele yangu, watu wanaofanya kazi na kulea ndugu zao, ambao hawakujua kuwa wana jeni hii mpaka nilipowaambia. Wapo wachache wenye AS wanaopata damu kwenye mkojo au kuzidiwa katika mazoezi makali mno, na hilo silifichi. Ugonjwa wenyewe hawana.

Hujibu kwamba hawataki mjukuu wao aje kukalia kiti hicho hicho. Naielewa hofu hiyo. Lakini mjukuu atapimwa kama wao, na AS akioana na AA hawapati mtoto wa SS. Kinachokataliwa hapo si maumivu ya mtoto, ni historia ya ukoo. Na katiba yetu, kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kwa hiyo kukiacha kiinitete kizima si jambo la kupuuza. Tena chembe zile zile zinazotolewa kwenye kiinitete huonyesha jinsia pia. Aliyekubali kumwacha mtoto mwenye afya kwa sababu ya AS, atamkataza kwa hoja gani anayetaka kuwaacha wasichana?

Mbunge Millie Odhiambo amepigania sheria ya uzazi wa kusaidiwa kwa zaidi ya miaka 10. Naomba sheria ya namna hiyo iruhusu uchunguzi wa magonjwa mazito kama SS, na ikataze waziwazi kumwacha mtoto kwa ajili ya jinsia au kwa kuwa ni mbebaji wa jeni tu.

Nawe unayejiandaa kuoa au kuolewa, pimwa mapema, kabla mahari haijapelekwa. Dai kipimo kinachotenganisha AS na SS. Na mkikutwa nyote ni AS, ketini kwanza na mshauri wa afya, ndipo mwende kwa wazee.