Kushuka Nithi

Barabara itokayo mjini Embu kwenda Meru ina urefu unaozidi kilomita 120, na abiria wa matatu huimaliza kabla hajaumaliza usingizi wake. Hupita Runyenjes, Chuka, Igoji na Nkubu akiwa ameegemea dirisha, na akiulizwa aliyoyaona njiani hutaja mibuni, migomba na kona. Zaidi ya hayo hutaja Nithi. Hapana mwenyeji wa njia hiyo asiyeijua Nithi. Hata aliyelala fofofo huamshwa na kimya cha wenzake gari linapoanza kuuteremka mteremko ule.

Masimulizi haya yanamhusu kijana mmoja mzaliwa wa Manyatta, juu kidogo ya mji wa Embu, aliyeamua kuipita njia hiyo kwa baiskeli, peke yake, mwishoni mwa mwezi wa Januari. Kwa msimamizi wa tasnifu yake alisema kwamba anakwenda kukusanya maneno ya lahaja. Kwa marafiki zake alisema anafanya mazoezi ya mwili. Kwa mama yake hakujua aseme nini, kwa sababu baiskeli yenyewe ilikuwa darini mwa ghala la mama huyo, imefunikwa gunia, na haikuwa imeguswa kwa miaka ishirini.

Ilikuwa Black Mamba, zile baiskeli nzito nyeusi zenye breki za vyuma na keria pana, zisizo na gia. Mwenyewe alikuwa ndugu yake mkubwa, aliyeitumia kupelekea maziwa kituoni kila alfajiri. Siku moja ndugu huyo aliiegemeza ukutani, akavaa shati jeupe, akapanda gari kwenda kuripoti katika chuo cha ualimu upande wa Meru. Gari lilipofika Nithi halikupinda pale palipopinda barabara. Mdogo wake alikuwa na miaka tisa. Tangu hapo, kila aliposafiri kwenda Meru, kijana huyu alifumba macho kuanzia alipohisi gari linashuka mpaka alipohisi linapanda, na kwa hiyo mahali alipofia ndugu yake hakuwahi kupaona.

Mama alikuwa akichambua maharagwe alipoombwa baiskeli. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake asubuhi ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye mlango wa dari, na mama amesimama chini yake, ameishika. Alitoa sharti moja tu.

"Ukifika Nithi, baba, ushuke."

Alimwita baba kwa sababu mtoto wa pili wa kiume katika jamii hiyo hurithi jina la babake mama, na mama humheshimu kwa hilo hata anapomkaripia. Jioni kijana aliliandika agizo hilo daftarini mwake kwa Kiswahili, ndipo akagundua kuwa neno alilolitumia lina maana mbili: kutoka juu ya kipando, na kuteremka mlima. Mama alikusudia ya kwanza. Yeye alikuwa akiifikiria ya pili.

Fundi wa baiskeli mjini Embu alitia tyubu mpya, akabadilisha mipira ya breki, akaumiminia mnyororo mafuta mpaka ukaacha kulia. Mafundi wa aina hiyo wangeielewa ramani ya sehemu hii upesi kuliko walimu wa jiografia. Mlima Kenya, volkeno iliyozimika zamani, ambayo kilele chake cha Batian kina urefu wa meta 5,199, ndio kitovu cha gurudumu. Mito ndiyo spoki: Thuchi, Nithi, Mutonga, Thingithu na Kathita, yote ikitoka mlimani na kuishia katika Mto Tana. Nayo barabara ya Embu na Meru ni kipande cha ringi. Kila inapokutana na spoki haina budi kushuka bondeni na kupanda tena. Mito hiyo imeyachimba majivu na mawe ya volkeno kwa muda mrefu sana, hata migongo iliyobaki kati yake imekuwa kama visiwa. Mtu anaweza kumwona jirani akichuma majani chai ng'ambo, wakapungiana mikono, na ikamchukua nusu siku kumfikia.

Visiwa vya volkeno vina sifa yake miongoni mwa waendesha baiskeli. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuyashinda mashindano ya Tour de France mara nne, alikuwa akijinoa katika kisiwa cha Tenerife, chini ya volkeno ya Teide yenye urefu wa meta 3,715, mahali ambapo hali ya hewa haimchoshi mtu mwaka mzima. Hali ya hewa ya namna hiyo haikosekani Embu na Meru. Asubuhi ile kijana alipanda baiskeli akiwa na sweta, saa nne akaivua, na mpaka jioni hakuona jua la kumlazimisha kutafuta kivuli. Kilichokosekana ni gia. Aliuteremka upande wa kwanza wa Thuchi kwa raha kubwa, akaupanda wa pili kwa miguu, akiisukuma Black Mamba kama mtu anayemrudisha nyumbani ng'ombe mkaidi, huku wanawake waliobeba ndizi wakimpita na kumpa pole.

Hapo Thuchi ndipo mpaka wa kaunti za Embu na Tharaka-Nithi, na hapo pia ndipo alipofungua daftari. Alikuwa amesoma kwamba Mjerumani Wilhelm Möhlig alizichunguza lahaja za upande huu wa mlima na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974. Alitaka kusikia kwa masikio yake jambo moja dogo. Kwao Embu, jambo jema ni wega. Kule Imenti, ng'ambo ya mito yote, ni bwega, na b yake husikika waziwazi. Swali lake lilikuwa: hiyo b inaanzia mto gani? Alikuwa na hakika kwamba ni mto. Kisiwa huishia majini.

Alilala Chuka, katika chumba cha bei nafuu ambacho mwenyewe aliikubali baiskeli ilale ndani pamoja naye. Hakulala vizuri.

Nithi iko mbele ya Chuka. Kabla ya mteremko hewa hubadilika, si kwa baridi bali kwa harufu ya breki za malori, harufu ya kitu kilichoungua na kupoa na kuungua tena. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde hilo, na watu zaidi ya thelathini wakapoteza maisha yao. Magazeti yaliandika mengi wiki hiyo. Wenyeji hawakuhitaji magazeti. Wao huhesabu miaka kwa ajali za daraja hilo kama wengine wanavyohesabu kwa njaa na mafuriko.

Kijana alishuka baiskeli pale juu kabisa. Si uongo kwamba alifikiria kutoshuka. Mteremko ulikuwa mtupu kwa dakika nzima, breki zilikuwa mpya, na mama alikuwa mbali. Hata hivyo aliushika usukani kwa mikono miwili akaanza kutembea, na punde si punde akatambua kwamba kuteremka na Black Mamba kwa miguu ni kazi kuliko kuipandisha, kwa maana uzito wake wote ulitaka kwenda mbele. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi ukingoni alimtazama kwa mshangao.

"Breki zimekatika, kijana?"

"Hapana, mzee. Nimeagizwa nishuke."

Mzee akautazama mteremko, akamtazama tena. "Aliyekuagiza anapajua hapa," akasema, akarudi kwa mbuzi wake.

Malori yalipita moja moja, yakinguruma kwa gia ndogo. Aliona vyuma vya ukingo vilivyopindika. Aliona vipande vya vioo vilivyosagika, vidogo kama chumvi ya mawe. Alikuwa ameyatarajia hayo. Asilolitarajia lilikuwa mto wenyewe. Kwa miaka ishirini aliubeba kichwani mto mpana wenye maji meusi, wa kumeza basi zima pasibaki hata povu. Alipofika darajani akainama juu ya ukingo, aliona kijito kinachopita kati ya mawe. Mvulana mmoja alikuwa akichota maji kwa mtungi wa plastiki, amekunja suruali hadi magotini, na maji hayakuifikia.

Alidhani angelia au angeomba. Kilichomjia kilikuwa kiu. Akanywa maji yote ya chupa yake, akasimama. Kisha akalitamka jina la ndugu yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu amwitaye mwenzake aliye upande wa pili wa shamba. Lori likapita. Mvulana akainua macho, akidhani ameitwa, akarudia kazi yake.

Kuna jambo alilolitambua akiwa anaupanda ukuta wa pili wa bonde. Ndugu yake alikuwa akienda upande uo huo. Barabara yote kuanzia hapo, kila kona na kila kibanda, ilikuwa barabara ambayo shati jeupe lile halikuifikia. Kwa hiyo alipofika juu hakukimbilia mbele. Aliendesha polepole, akisoma hata maandishi ya milango ya maduka.

Chogoria, ambako wamisionari wa Kiskoti walianzisha hospitali mwaka 1922, aliketi katika kibanda cha chai. Mwenye kibanda alimwambia mteja wa kwanza wega, akamgeukia wa pili akamwambia bwega, pasipo kuvuta pumzi kati ya maneno hayo. Kijana aliuliza, kwa heshima, kwa nini asema hivi na vile. Mama huyo akacheka. Yeye ametoka ng'ambo ya mto, mumewe ni wa upande huu, na wateja hutoka popote pale palipo na kiu. Sasa aseme vipi? Kijana alilifunga daftari. Msimamizi wake hakufurahi baadaye kusikia kwamba mpaka alioutafuta aliukuta ndani ya kinywa cha mtu mmoja, lakini ni data hata hivyo.

Mutonga aliupita kwa miguu, Thingithu vilevile. Kati ya Nkubu na Meru alivuka Ikweta, akasimama mbele ya kibao chake kwa dakika moja, kama afanyavyo kila mpita njia. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima alipofika Makutano, Meru, akiwa na malengelenge katika viganja na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Hakutafuta pa kulala kwanza. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akapiga simu nyumbani.

"Ulishuka?" mama akauliza, kabla ya salamu.

"Nilishuka, mama."

Kukawa na kimya kirefu, hata akadhani simu imekatika. Kisha mama akataka kujua kama ile keria ingali imara, kwani maziwa siku hizi yanapelekwa kituoni kwa mikono, na mtoto wa jirani anayeyapeleka amekuwa akilalamika.