Msiba Usio na Mkosaji

Msiba haukosi watu wa kutafuta mkosaji. Macho ya Mama yalipopofuka, hapa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, kila mtu alikuja na wake. Majirani walisema ni soda. Shangazi alilaumu moshi wa Eneo la Viwanda. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Mama alijilaumu mwenyewe.

Alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama wa ploti yetu, na kitabu cha michango kilikuwa fahari yake. Kisha tarakimu zikaanza kupandana, hesabu zikakataa kulingana, wenzake wakaanza kumshuku. Hakuna aliyeikumbuka sukari aliyokuwa ameishi nayo miaka mingi, kwa sababu macho hayakumuuma hata siku moja. Alinyang'anywa kitabu kabla hajanyang'anywa nuru, na naamini kitabu ndicho kilichomuumiza zaidi.

Kilichompofusha kilikuwa ndani yake, tena hakikumtakia mabaya. Sukari ikikaa juu katika damu kwa muda mrefu, huumiza kuta za mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kinga ya mwili huliitikia jeraha hilo. Chembe nyeupe za damu hunata kwenye kuta, nyingine zikaziba njia. Seli za ulinzi zinazoishi ndani ya retina huamka na kumwaga kemikali za kuchochea uvimbe. Kuta hulegea, maji huvuja, na sehemu ya katikati ya retina, ile tunayosomea, hufura. Sehemu zilizokosa damu hutoa protini iitwayo VEGF, inayochochea mishipa mipya kuota. Mishipa hiyo huwa dhaifu, hupasuka kwa urahisi, na damu humwagika ndani ya jicho.

Moto ukizuka huku kwetu, vijana hubomoa mabati ya nyumba za jirani ili usisambae. Huo ni uungwana. Lakini moto usipozimika miaka nenda miaka rudi, na wao wasichoke kubomoa, mwishowe hakuna nyumba itakayobaki ya kuokolewa. Ndivyo ilivyokuwa katika macho ya Mama.

Madaktari wametafuta njia ya kuituliza kinga hiyo. Mwaka 1964, watafiti Powell na Field waliandika kwamba wagonjwa wa sukari waliomeza aspirini nyingi kwa ajili ya baridi yabisi walionekana kuharibika macho kidogo kuliko wenzao. Matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, yaliyotolewa mwaka 1991, yakaonyesha kuwa miligramu 650 za aspirini kwa siku haziuzuii ugonjwa kuendelea. Hata hivyo, leo sindano za steroidi ndani ya jicho hupunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa, na dawa za kuzuia VEGF, pamoja na leza, huokoa macho mengi ugonjwa ukiwahiwa.

Sisi tulichelewa. Makovu ya ile mishipa mipya yalikuwa yamekwisha kuivuta retina kutoka mahali pake.

Nilimweleza Mama haya yote kabla hajafariki. Nilidhani atafarijika kusikia kwamba mwili wake ulikuwa ukimpigania. Alinyamaza kidogo, kisha akaniagiza: "Kamweleze mwenyekiti wa chama." Nikaenda. Jina lake lilisafishwa naye akiwa hai, na hiyo ndiyo faraja niliyobaki nayo. Uchungu haukuisha kwa kukosa mtu wa kumlaumu. Ila ukiacha kumsaka mkosaji, unapata nafasi ya kumwangalia aliye hai.

Nao walio hai na ugonjwa huu ni wengi. Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008, ukiongozwa na Dkt. Wanjiku Mathenge, ulipima watu wa miaka 50 na zaidi. Miongoni mwa wenye kisukari, takriban 36 katika kila 100 walikutwa na madhara kwenye retina.

Ndugu msomaji, ukiwa na sukari, au mama yako anayo, usingoje jicho liume. Kila mwaka nendeni mkatiwe matone ya kupanua mboni, daktari aikague retina. Hospitali ya Kenyatta na ile ya Kikuyu zina wataalamu wa kazi hiyo. Na ukimwona mweka hazina wenu anakosea hesabu, kabla ya kumwita mwizi, mpeleke akapimwe macho.